Kufuli Langu Ndani ya Kikapu cha Mtani

Wiki iliyopita mliniacha jikoni, nimepiga magoti mbele ya kikapu cha Vaciseva, kufuli jekundu likiwa kwenye kiganja changu cha kushoto.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Titilia. Nilisomea usindikaji wa vyakula chuoni Suva, nikapata kazi ya kukagua ubora katika kiwanda cha tangawizi, huku kwetu bonde la mto Waidina, Fiji. Msimu uliopita mashine ya kuoshea tangawizi ilinivuta mkono wa kulia katikati ya rola zake. Ilichukua kidole cha shahada na cha kati. Viwili vilivyobaki pamoja na gumba ninavifundisha kazi upya, kama watoto wa chekechea.

Kiwandani kila mtu ana kufuli lake. Kabla hujaingiza mkono kwenye rola, unazima swichi, unaifunga kwa kufuli lako. Ufunguo unaning'inia shingoni mwako. Hakuna wa kuwasha mpaka wewe mwenyewe utoke na kufungua.

Mimi nilifunga. Nilisikia mlio wake.

Lakini baada ya ajali msimamizi alisema swichi haikuwa na kufuli langu, na kufuli lenyewe halikuonekana popote. Basi nikawa yule msomi aliyesahau kufuli. Wanawake wa kiwandani walilisema kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kidonda. Baba naye aliamini. Mimi mwenyewe, nakiri, nilikuwa nimeanza kuamini.

Sasa kufuli hili hapa. Lilikuwa chini kabisa ya kikapu, limeviringishwa kwenye kitambaa cha mezani. Nililigeuza. Jina langu lipo, nililolikwaruza mwenyewe kwa msumari.

Na kikapu ni cha Vaciseva, binti wa shangazi yangu, tunayefanya naye kazi kiwandani. Tangu nitoke hospitali ndiye anayeniosha nywele. Ndiye anayenifunga vifungo vya gauni. Muhogo ninaokula ameumenya yeye.

Mtu anayekulisha kwa mkono wake ana kitu gani cha kukuficha?

"Wifi! Unapekua kikapu cha mwenzio, umesikia nimeficha mwanamume humo?"

Alikuwa mlangoni, kuni begani, anacheka.

Kwetu binti wa shangazi unamwita wifi, naye ni mtani wako. Anaweza kukutukana mbele ya mchungaji. Anaweza kuvaa gauni lako jipya kabla hujalivaa wewe, akala na samaki wako, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Na katika ukoo wetu hakuna mtani kama Vaciseva. Neno halijawahi kumwishia. Siku nilipozinduka hospitalini, wote wakilia, yeye aliinama akaninong'oneza, "Wifi, na usomi wako wote, hesabu zako sasa zinaishia nane." Nilicheka mpaka muuguzi akaja mbio.

Safari hii sikucheka. Nilifungua kiganja.

Aliliona kufuli. Kuni zikateremka begani polepole, moja moja.

"Nimelikuta humu," nikasema.

"Naona."

"Ulilitoa wapi?"

"Wifi, kaa kwanza."

"Nimekaa."

"Basi kaa zaidi."

Akaketi mbele yangu kwenye mkeka. Moto ulikuwa kati yetu, na chungu cha majani ya magimbi katika tui kilianza kutokota. Hakuna aliyekigusa.

"Ulilifungua wewe?" Sauti yangu ilikuwa ndogo, kama kawaida yangu. "Ulilitoa kwenye swichi mimi nikiwa ndani?"

"Titilia!"

Hajawahi kuniita jina langu. Hata tukiwa watoto.

"Sikulitoa kwenye swichi," akasema. "Hilo kufuli halikuwahi kufika kwenye swichi."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya mtoni. Kumbe ni kweli. Kumbe nilisahau. Kumbe ule mlio niliousikia ni ndoto ya dawa za hospitali.

"Lililofika kwenye swichi ni langu," akamalizia.

"Lako?"

"Asubuhi ile niliyabadilisha. Langu nikalitundika kwenye msumari wako, lako nikaliweka kwangu. Yote mekundu, wifi, nani huwa anageuza kusoma jina? Nilitaka ufunge, kisha ukija kufungua, ufunguo wako ukatae. Uhangaike pale, uone haya, masikio yakuwive. Halafu mimi nitokee na ufunguo wangu shingoni kama malkia, nikuimbishe wimbo ndipo nikufungulie."

"Utani."

"Utani tu! Wewe si ulinimwagia ndoo ya maji Mwaka Mpya, nimevaa kwenda kanisani?"

Kisha nikauliza lile moja lililokuwa likinichoma usiku na mchana.

"Kwa hiyo nilifunga?"

"Ulifunga, wifi. Ulifunga vizuri kabisa."

Nililia. Vidole viwili visivyokuwepo vilianza kuniwasha, kama vinavyofanya kila ninapolia, na hakuna mahali pa kuvikuna.

Lakini machozi yalipopungua, akili ya ukaguzi ilirudi. Mkaguzi hafurahii tangawizi moja nzuri. Anatazama iliyo chini yake.

"Vaciseva. Kama kufuli lilikuwa lako, ufunguo ulikuwa shingoni mwako."

Akatazama moto.

"Nani alifungua?"

"Alikuja mtu pale tunapokunywa chai," akasema taratibu. "Akaniambia, 'Naomba ufunguo wako.' Basi. Nilicheka mpaka chai ikanitoka puani. Nilijua umeshatoka kwenye rola, ufunguo umekukataa, na kwa hizo haya zako umemtuma yeye aje kuniomba. Nikampa. Nikamwambia, 'Mwambie wifi nangoja wimbo wangu.'"

"Naye?"

"Naye alidhani ni utani wangu wa kila siku, nimesahau tu kufuli langu. Limeandikwa jina langu, na mimi huyo mbele yake nakunywa chai. Angejuaje kwamba kuna mtu ndani?"

"Na wewe?"

"Mimi nilibaki nimekaa pale pale."

Nilijaribu kuipanga picha kichwani. Mmoja anacheka. Mwingine anatikisa kichwa, anaona huyu msichana mzembe. Na mimi nimelala kifudifudi chini ya mashine, mkono ndani hadi kiwikoni, nang'oa donge la tangawizi na udongo, nimetulia kwa sababu nimefunga.

"Kwa nini hukusema? Miezi yote hii mnaniita msahaulifu!"

"Ningesemaje? Nikisema kufuli lilikuwa wapi, lazima niseme nani alikuja kuchukua ufunguo."

"Nani?"

"Usiniulize, wifi."

"Nani, Vaciseva?"

"Tuliapiana."

"Mlioapiana ni wewe na nani?"

Akainuka akakoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa.

Nakiri jambo jingine. Tangu siku ile, kila aliyenitendea wema nilimtilia shaka. Mke wa msimamizi alileta samaki wa tui: kwa nini alete yeye, hatujuani? Na Ilaitia, fundi wa mashine, aliyekuwa akinisindikiza kila wiki hadi zahanati ya Nausori kwa mazoezi ya mkono: alipata wapi moyo huo, kijana ambaye hapo awali tulisalimiana kwa nyusi tu?

Mtaalamu wangu wa mazoezi ni dada wa Kihindi anayeitwa Rohini, mwenye ulimi mkali na mikono laini. Hunitumbukiza mkono kwenye bakuli la mchele ili kovu lizoee kuguswa. Hunikandisha unga wa roti. Anasema, "Mkono ni kama mtoto, Titilia. Ukiubembeleza sana, unalala." Siku moja alimtazama Ilaitia aliyekuwa akinisubiri nje kwenye benchi, mikono magotini, kichwa chini.

"Huyu ni mchumba wako?"

"Hapana, dada."

"Mbona anakaa kama mtu aliyekuja kuungama na padri hajafika?"

Nilicheka. Usiku wake sikulala.

Nilikuwa nataka kumuuliza Vaciseva tena, lakini nje palitokea kelele. Baba aliingia jikoni bila kubisha, jambo ambalo hafanyi. Alikuwa amechana nywele.

"Titilia, mwanangu, vaa lile gauni la kanisani. Wageni wanavuka mto."

"Wageni gani, baba?"

"Ukoo wa kina Ilaitia. Wametuma mtu atangulie. Wanakuja na jino la nyangumi."

Nyuma yake aliingia shangazi Kelera, mama yake Vaciseva, anahema kwa furaha.

"Si niliwaambia! Kijana anapanda basi na binti yetu kila wiki, mlidhani anapenda basi? Posa hiyo! Vaciseva, funika chungu, mvalishe mwenzio!"

Baba alinitazama mkono, kisha akatazama pembeni. "Nilidhani baada ya hili..." Hakumaliza. Akaifuta pua yake kwa mgongo wa kiganja, akatoka kwenda kutandika mikeka.

Sijamwona baba na furaha ile tangu mama afariki.

Shangazi alipomfuata, Vaciseva alinishika mkono mzima, akaubana.

"Ni yeye, wifi."

"Yeye nani?"

"Aliyekuja kuchukua ufunguo. Ilaitia."

Chungu kilifurika, tui likamwagika motoni, moshi ukatujaa machoni.

Mnielewe jambo moja. Jino la nyangumi si kitu cha kuposea tu. Ndilo hilo hilo linaloletwa mtu akikukosea. Ukoo wake unakuja, unakaa chini, unainama, unalitoa. Ukoo wako ukilipokea, jambo limezikwa. Halitajwi tena, wala njiani, wala barazani, wala kazini. Atakayelifukua ndiye mkosaji mpya.

Kama ni posa, nilikuwa ninaposwa na mtu aliyenificha ukweli kwenye viti vyote vya basi la Nausori.

Kama ni radhi, ukweli ungezikwa leo kwenye mkeka wa baba. Na kule kiwandani ningebaki yule aliyesahau kufuli, hadi nizeeke.

"Wanakuja kuposa au kuomba radhi?" nilimuuliza Vaciseva.

"Sijui," akasema huku akinifunga vifungo. "Labda na yeye hajui. Simama wima, unaonekana kama mbuzi wa sadaka."

Waliingia wakiwa wameinama. Wakaketi upande wa mlango, kimya. Mbele alikaa msemaji wao, mzee mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Ilaitia alikuwa nyuma ya wote. Nilichoona ni kisogo chake tu.

Sisi wanawake tulikaa karibu na mlango wa jikoni. Vaciseva alikuwa nyuma yangu na bakuli la vikombe.

Msemaji alilitoa jino kutoka kwapani. Lilikuwa kubwa, la rangi ya chai, kamba yake imesokotwa kwa nyuzi za nazi. Akalishika kwa mikono miwili.

"Tumekuja tumeinama mbele ya nyumba hii," akaanza.

Shangazi akanipiga kiwiko. "Sikia. Huanza hivyo hivyo posa."

"Tumekuja kwa ajili ya binti yenu."

Kiwiko tena.

"Tumekuja na hatia."

Kiwiko cha shangazi kilibaki kwenye ubavu wangu, hakikuondoka.

"Kijana wetu alitoa kufuli lililokuwa likimlinda binti yenu. Alilitoa bila kujua, lakini alilitoa. Alijua baadaye, akanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kunakotuinamisha zaidi. Tunaomba jambo hili life hapa, kwenye mkeka huu."

Baba aligeuka akanitazama. Nilimwona akielewa, taratibu, kama mtu anayesoma herufi za kwanza. Binti yake hakusahau. Binti yake alikuwa akimwambia kweli, naye alikuwa akimjibu, "Yaache hayo, mwanangu, ajali ni ajali."

Machozi yalimlenga. Lakini mbele yake kulikuwa na wazee walioinama, na baba yangu ni mtu wa heshima. Kulikataa jino ni kuwavua nguo watu. Mikono yake ilianza kunyooka kulipokea.

"Baba, usilipokee."

Sikujua ni mimi niliyesema mpaka shangazi aliponifinya.

"Titilia!"

"Nisameheni. Mnisamehe sana." Nilikuwa nautazama mkeka, nikitazama watu siwezi kuongea. "Sikatai msamaha. Lakini jambo hili likifa hapa, kule kiwandani mimi nitabaki niliyesahau. Aende kule kwanza. Asimame mbele ya ile swichi, awaambie wanawake wote kwamba nilifunga. Kisha jino lirudi, na mimi mwenyewe nitawaandalia chakula."

Katika maisha yangu sijawahi kusema maneno mengi kiasi hicho mbele ya wanaume.

"Ndiyo faida ya kusomesha," akanong'ona mzee mmoja wa upande wao, na wa upande wetu mmoja akakohoa kumkubalia.

Msemaji hakukasirika. Aliliweka jino kwenye goti lake, akapenyeza mkono kwenye mfuko wake wa kusuka.

"Binti, hukunisubiri nimalize. Yamekuja mawili."

Akatoa jino la pili. Dogo, jeupe zaidi.

"La kwanza ni la hatia. La pili ni la posa. Sisi wazee tulitaka tulete hili la pili peke yake, yale mengine yajifie. Kijana akakataa. Alisema hawezi kuomba mkono wa binti bila kwanza kutaja aliyeuumiza."

Shangazi alianza kulia waziwazi. Wanawake wenzake wakamfuata.

Mimi sikulia. Nilikuwa nawaza benchi la zahanati, na kichwa kile kilichoinama. Je, huyu ananipenda? Au anatafuta mahali pa kuungama kila siku, asubuhi na jioni, mpaka tufe? Mume aliyekosa naweza kuishi naye. Mume ambaye kila nikimpa kikombe cha chai atahesabu vidole, huyo sijui.

Baba alikunja mikono yake.

"Mkono ulioumia si wangu," akasema. "Miezi yote hii nilikuwa na neno lako, mwanangu, nikachukua la watu. Leo sitasema kwa niaba yako. Njoo mbele. Ulipokee au ulikatae mwenyewe."

Minong'ono ilipita nyumba nzima. Jambo hilo halifanywi. Nilijivuta kwa magoti hadi katikati ya mkeka, kwa kuwa hakuna namna nyingine ya kumtii baba.

Jino hupokewa kwa mikono miwili. Nilinyoosha wa kushoto. Nikanyoosha wa kulia, na gumba lake na vidole vyake viwili, ambavyo juzi tu kwa Rohini viliangusha kikombe cha plastiki. Vilikuwa mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza sikuvificha kwenye gauni.

Msemaji aliliinua jino la hatia. Nikaligusa. Lilikuwa baridi na laini.

"Ngoja."

Ilaitia alikuwa amejiinua kwa magoti. Msemaji aligeuka kwa mshangao. Kijana haongei msemaji wake akiwa na jino mkononi.

"Usilishike, Titilia," akasema. "Ukilishika yamezikwa, na mimi sitaki uzike usichokijua. Kiwandani nitakwenda. Nitasema mbele ya wote. Kufuli nilitoa mimi, na kunyamaza nilinyamaza mimi." Akaweka viganja kwenye mkeka. "Lakini mashine sikuwasha mimi."

Msemaji alilishusha jino gotini.

"Nilitoa kufuli, nikainama kuchukua kopo la grisi. Nilipoinuka, rola zilikuwa zinazunguka. Kuna mtu alinifuata kutoka kwenye chai. Alikuja nyuma yangu anacheka."

"Nani huyo?" baba akauliza.

Ilaitia aliinua macho, yakanipita mimi, yakampita shangazi, yakaishia mlango wa jikoni.

Niligeuka.

Vaciseva alikuwa amesimama pale na bakuli la vikombe kifuani. Nilimngoja aseme kitu. Chochote. Aniite mbuzi wa sadaka, amwite Ilaitia chura, atucheke sote kama anavyotucheka siku zote.

Kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe, mtani wangu hakuwa na neno.